Papa hakuwa amewanunia masoprano: kidole chake, korali yetu na CT scan ya Lubumbashi

Wakuu, jambo yenu bote, kama tunavyosalimiana huku Likasi.

Kazi yangu ni kuandika riwaya, kwa hiyo najua mkiona jina langu juu ya uzi mnasema: huyu ameanza kutubunia. Leo sibuni. Nimebadilisha majina tu. Wahusika wote wako hai, wanakula bukari yao, ugali wenu, kila siku, na mkuu wao amekaa meza hii hii ninapoandika, akisahihisha nota zake kwa penseli.

Huyo ni Papa. Tumwite Papa Donatien. Maisha yake ya kazi yalikuwa ya kukereza vyuma kiwandani, na maisha yake ya furaha ni korali ya parokia. Nyinyi mnasema kwaya, sisi tunasema korali. Yeye ndiye anayeiongoza, na mji mzima, kuanzia sokoni mpaka njia ya Kambove, unamwita Maestro.

Kabla sijafika kwenye skana lazima mjue korali yetu inavyofanya kazi, maana ugonjwa ulijificha humo humo.

Papa hageuzi shingo. Husimama mbele ya waimbaji kama nguzo ya umeme, uso mbele, macho katikati. Kushoto kwake wako masoprano, kulia wako mabesi, na kati wako maalto na matena. Anasema anayegeuza kichwa huku na huku ni shabiki wa mpira, si mwongozaji.

Sasa, sauti zinaingiaje? Safu ikiwa tayari, kila mtu anainua karatasi ya nyimbo mpaka chini ya kidevu. Papa anaona kwa pembe ya jicho kuwa safu yote imeinua, halafu anatikisa kidole. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto ni cha masoprano. Gumba la kulia ni la mabesi. Bila kidole hakuna anayefungua kinywa, hata paa la kanisa likianguka.

Utaratibu huu ameufundisha kwa miaka mingi na watu wanaujivunia. Wageni kutoka Lubumbashi walikuwa wakija kutazama kile kidole tu.

Basi, mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, kidole kikaanza kuchelewa.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili ya kawaida. Maalto wakaimba sehemu yao, matena wakaimba yao, halafu pakawa na kimya. Masoprano wameinua karatasi, wanangoja. Papa amesimama, anangoja. Padri akakohoa. Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwishowe mpiga kinanda akajiingilia mwenyewe kutuokoa.

Papa alirudi nyumbani amekasirika. Akasema masoprano wamekuwa wavivu, hawainui tena karatasi, wanafikiri kanisa ni baraza ya kusukiana nywele.

Nao masoprano, nyumbani kwao, walikuwa wanasema Maestro ana kisirani. Wanainua karatasi mpaka mikono inakufa ganzi, naye anawapita kama hawapo.

Wiki zilivyokwenda ndivyo ilivyozidi. Mabesi nao wakaachwa kwenye kimya chao. Papa aliyekuwa anamsifu kila mtu sasa alikuwa anawasifu maalto na matena tu, walio mbele ya pua yake. Maneno yakaanza. Wengine wakasema ana mpenzi katika maalto. (Mama alipoyasikia hayo alicheka mpaka akaketi chini, kwa sababu alto mdogo kuliko wote ana wajukuu.)

Naomba nisimame hapa kidogo. Mkitazama nyuma mnaona kila kitu, sivyo? Papa alikuwa na maumivu ya kichwa nyuma ya macho, yale ya kuamka nayo. Tulisema ni joto. Alikuwa anachoka mchana na kunenepa kiunoni. Tulisema ni uzee na bia ya Jumapili. Alikuwa anagonga mabega kwenye milango. Tulisema milango ya nyumba hii ni myembamba, na kweli ni myembamba. Yalikuwepo na mengine ya chumbani, ambayo Mama alikuja kumwambia daktari mlango ukiwa umefungwa, na mimi mwana wao sina haki ya kuyaandika.

Kila dalili ilikuwa na maelezo yake mazuri. Hakuna aliyefikiria kuziketisha pamoja.

Tukafika kwenye mgomo. Masoprano walikaa kitako katikati ya mazoezi. Wote. Na kilichouma zaidi ni kwamba yalikuwa mazoezi ya misa ya Pentekoste, misa aliyoitunga Papa mwenyewe, wimbo wa maji ya mto Lufira yanavyoshuka kwenye maporomoko ya Mwadingusha. Ndani yake kuna mahali ambapo sauti zote zinanyamaza, kimya kamili, halafu masoprano peke yao wanaingia juu kabisa, kama maji yanayoanza kudondoka. Miaka mitatu alikuwa anaitunga. Na kimya kile hakuna wa kukivunja ila kidole kidogo cha kushoto.

Kiongozi wa masoprano ni Mama Odette. Anauza samaki wa Kapolowe sokoni, na sauti yake haihitaji kipaza sauti, iwe ya kuimba au ya kukataa bei. Pamoja na ulimi wake ni mtu wa adabu za zamani. Akasema hatuwezi kuiacha korali ife bila kuongea. Huku kwetu, mkigombana na mkubwa wenu, mnaunda delegasyoni, mnakwenda kwake mchana na kuku mkononi, mnamuuliza mlimkosea nini. Hata kama aliyekosa ni yeye. Ndivyo inavyofanywa.

Wakaja Jumamosi. Masoprano watano, kuku mmoja mweupe, na kreti ya limonadi.

Sebule yetu ni ndogo. Papa alikuwa kwenye kiti chake. Mama Odette, kwa heshima ya cheo chake, akawekwa kwenye kiti cha karibu kabisa, kushoto kwa Papa. Wengine wakabanana kwenye kochi mbele yake. Tukasali. Mama Odette akamnyooshea Papa mkono amsalimie.

Papa hakuupokea.

Mkono ukabaki hewani. Nilimwona Mama Odette akiutazama mkono wake mwenyewe kama samaki aliyekataliwa na mteja. Akaurudisha polepole mapajani. Masoprano kwenye kochi wakatazamana. Nikajua kuku huyo atarudi alikotoka, na misa ya Lufira imekwisha.

Papa akawatazama wale wa kochini, akakunjua uso, akasema kwa masikitiko ya kweli:

"Aksanti sana kwa kuya. Lakini Mama Odette, ye hakuya? Njo ye nilikuwa nangojea."

Mmoja kwenye kochi akacheka, akidhani ni kejeli. Mwingine akamfuata. Kisha kicheko kikafa peke yake, kwa sababu Papa alikuwa anangoja jibu. Uso wake haukuwa na mzaha hata punje.

Mama Odette alikuwa karibu naye kiasi kwamba kitenge chake kilikuwa kinagusa mkono wa kiti cha Papa.

"Minye niko hapa, Maestro," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Niko hapa pembeni yako tangu tulianza kusali."

Papa akashtuka, akageuza shingo. Papa, asiyegeuza shingo! Akamwona. Na pale nikauona uso wa baba yangu ukiogopa. Sikuwahi kuuona ukiogopa kabla.

Mama Odette alikuwa ameshika kidevu. Kisha akasimama, akazunguka taratibu nyuma ya kiti mpaka kulia kwa Papa, akaniashiria nisiseme. Akainua chupa ya limonadi juu hadi usawa wa sikio la Papa.

"Maestro, angalia mbele, kwa bale ba kochi. Nashika nini?"

"Uko wapi?" Papa akauliza.

Wakuu, mgomo uliisha dakika ile. Hakuna aliyetangaza, uliisha tu. Kuku akachinjwa, lakini hakuna aliyekula vizuri.

Jumatatu tukaenda kwa daktari hapa hapa Likasi, kijana mmoja mwenye subira. Alimkalisha Papa mbele yake, magoti kwa magoti, akamwambia: "Papa, muangalie paka pua yangu. Kidole ikitikisika, museme." ("Paka" kwetu si mnyama, ni "tu" yenu.) Akafungua mikono yake pande zote mbili, akaanza kutikisa vidole. Kidole kidogo cha kushoto. Gumba la kulia.

Mmeelewa? Daktari alikuwa anamwongoza Papa kama Papa anavyoiongoza korali. Na Papa, kama masoprano wake, alikuwa anangoja ishara isiyofika. Vidole vilitikisika, vikasogea, vikasogea zaidi, na aliviona vilipokaribia kabisa pua ya daktari.

Daktari akaandika, akatueleza. Macho yenyewe ni mazima. Lakini kila jicho limepoteza upande wa nje. Jambo hilo likitokea pande zote mbili, mara nyingi maana yake ni moja: kuna kitu kinabana pale ndani ya kichwa ambapo mishipa ya macho mawili inapishana. Na chini kidogo ya njia panda hiyo inakaa tezi moja ndogo, ukubwa wa haragwe, inayoitwa pituitari. Yeye aliiita ipofizi, kwa Kifaransa. Akasema inawezekana imevimba. Mgonjwa haoni giza pembeni. Haoni kitu, na ubongo unamdanganya kuwa hakuna cha kuonwa.

Akasema pia: msichelewe. Mshipa uliobanwa muda mrefu hausamehe. Picha ya kichwa, Lubumbashi, haraka.

Hapo ndipo sote tulielewa kilichokuwa mezani. Si misa tena. Ni macho ya Papa.

Mama alipanga tumpeleke sisi wawili tu, yeye na mimi. Asubuhi ya safari tukamkuta Mama Odette mlangoni, amefunga kilemba cha sherehe, kikapu mkononi. Mama akamwambia si lazima. Akajibu kwamba upande wa kushoto wa Maestro ni wake kwa haki, ameutumikia miaka yote, na hatauacha sasa uende Lubumbashi peke yake.

Basi tukatembea hivyo mji mzima wa Lubumbashi: Papa katikati, Mama kulia, Mama Odette kushoto, mimi nyuma na mikoba. Papa akawaita retroviza zake, vile vioo vya pembeni vya gari. Mama Odette akamwambia retroviza ya gari hailipwi, lakini yeye atalipwa kwa solo ya Krismasi.

Walicheka barabara nzima. Nami nilicheka, wakuu, na moyo wangu ulikuwa umejikunja kama kitambaa cha kufutia vyombo.

Daktari wa hospitali tuliyoenda, siitaji jina, alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba, sauti ya mwalimu. Alisoma barua, akarudia kipimo cha vidole, akatueleza jambo ambalo ningependa mlisome vizuri, kwa sababu ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu.

Alisema kwa tezi hii picha bora zaidi huwa ya mashine ya sumaku, ile mnayoiita MRI, huku tunasema IRM. Inaonyesha vizuri sana nyama laini, hata uvimbe mdogo kuliko punje ya mchele. Lakini kabla ya kuingia lazima ajibiwe swali moja.

"Papa, muko na chuma mu mwili? Ata kidogo?"

"Hapana, Docteur," Papa akajibu kwa fahari. "Minye niko paka na mifupa."

Daktari akashika kalamu atie alama. Mama akamgeukia mumewe.

"Na ile ya mu jicho?"

"Ile haiko chuma. Ile ni vumbi ya kazi."

Kalamu ikasimama.

Niwaeleze, kwa sababu mtu wa mji mwingine hawezi kulielewa kosa hili. Likasi ni mji wa viwanda na migodi. Baba zetu walikereza, walisaga, walichomelea. Kichembe cha chuma kurukia jichoni kwao si ajali, ni kama nzi. Muuguzi wa kiwanda anakuosha, anatoa anachoweza, unarudi kwenye mashine. Kilichobaki kinabaki. Ukimuuliza mzee wa kwetu kama ana chuma mwilini anafikiria risasi au vyuma vya mguu uliovunjika. Kichembe cha jichoni hakihesabiki. Papa hakudanganya. Katika lugha ya kazi yake alisema kweli tupu.

Daktari akaweka kalamu chini, akavua miwani. Akaeleza taratibu kwamba IRM ni sumaku yenye nguvu za ajabu, na kichembe kama hicho kinaweza kusogea ndani ya jicho kikalikata. Tulikuja kuokoa macho, naye angeweza kuyapoteza mle ndani.

Papa akamtazama Mama kwa namna ambayo ningependa kutazamwa siku moja.

"Basi," daktari akasema, "tutafanya skana."

Skana ndiyo CT scan yenu. Inatumia mionzi kama eksirei, haina sumaku. Alitwambia ukweli wake wote: uvimbe mdogo sana wa tezi hii unaweza kujificha usionekane. Lakini unaobana mishipa ya macho si mdogo, huo utaonekana. Na skana ina kipaji chake: inaona mfupa kuliko mashine yoyote, na tezi hii inakaa ndani ya kiti cha mfupa. Akatuambia kiti hicho kinaitwa tandiko la Kituruki, kama tandiko la farasi. Wakuu, mimi mwandishi, nimeishi miaka yote hiyo sijui kwamba kila mmoja wetu, katikati ya kichwa chake, ana tandiko. Nilimtazama muuza karanga nje ya dirisha nikamwona amebeba tandiko. Sikujua nicheke au nilie.

Wakampima kwanza damu waone kama figo zinaweza kuhimili dawa ya picha, kwa sababu wangempiga sindano ya dawa inayofanya uvimbe ung'ae. Muuguzi akamwonya: dawa ikiingia utasikia joto mwili mzima, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Usitikisike.

Tukangoja nje ya mlango. Mama alishika rozari. Mama Odette alishika kikapu kwa namna hiyo hiyo.

Papa alitoka haraka kuliko tulivyodhani, anarekebisha kola. Tukamzunguka. Aliumia? Hapana. Aliogopa?

"Ile mashine inaimba," akasema. "Inaimba nota ya la. Lakini iko chini kidogo. Bairekebishe."

Ndivyo alivyopitisha muda humo ndani, anapima sauti ya mashine kwa sikio lake. Na kuhusu ile dawa, alikiri kwamba aligusa suruali kwa siri alipoinuka.

Mchana daktari akatuita kuona picha. Alizipitisha kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, vipande vyembamba vya kichwa cha baba yangu, kama mtu anayefungua kurasa. Akatuonyesha tandiko. Sakafu yake ilikuwa imesukumwa chini, imepanuka. Na juu yake, mahali pa haragwe, palikuwa na kitu cha mviringo, kinang'aa kwa ile dawa, ukubwa wa tunda la masuku. Masuku ni matunda ya porini ambayo watoto wa Likasi huyafuata vichakani mvua zinapoanza. Kilikuwa kimechomoza juu kama mtu anayesimama kwenye kiti, kinaigusa njia panda ya macho.

Mama akauliza kama ni kansa.

Daktari akasema uvimbe wa tezi hii karibu kila mara si kansa. Ni kitu kilichokua mahali pasipo na nafasi.

Kisha akasogeza picha kidogo. Katika ukingo wa jicho la kulia palikuwa na nukta nyeupe, kali, inatoa miale kama nyota ya Krismasi. Kichembe cha kiwandani. Sote tukakitazama, tukifikiria sumaku.

Papa akainama mbele. "Ile njo kazi yangu," akasema. Nilisikia sauti ya mtu anayekutana na rafiki wa zamani.

Lakini swali kubwa lilikuwa bado. Kuna uvimbe ambao lazima utolewe kwa kisu, wanapita puani mpaka kwenye tandiko. Na kuna aina moja ambayo inatengeneza homoni ya maziwa ya mama, na hiyo husinyaa kwa vidonge. Picha haiwezi kuzitofautisha. Damu ndiyo ingesema. Homoni ikiwa juu sana, vidonge. Ikiwa chini, kisu.

Tulingoja majibu siku chache kwa ndugu wa Mama. Sitawaeleza zile siku. Nitasema tu kwamba Papa aliomba karatasi, akaandika misa upya kutoka mwanzo ili masoprano waingie bila yeye. Aliifuta sehemu ya kimya. Kile kimya cha miaka mitatu, akakipiga mstari. Mama Odette alipoiona karatasi akaikunja, akaitia ndani ya kikapu chini ya samaki wakavu, akasema hiyo imeliwa.

Majibu yakaja. Daktari alitabasamu kabla ya kuketi.

Homoni ya maziwa ilikuwa juu, juu sana. Hakuna kisu. Vidonge, na subira, na kurudi kupimwa.

Mama alifunika uso kwa kitenge. Mimi nilishika ukuta. Papa alikaa wima, kama nguzo yake. Na Mama Odette, ambaye alikuwa anafuatilia maelezo kwa makini, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Docteur, donc Maestro wetu eko na maziba?"

Daktari alijaribu kubaki daktari. Alieleza kwamba kwa wanaume ni nadra maziwa kutoka, ila homoni hiyo huzima homoni nyingine za kiume, huleta uchovu na mambo mengine. Mama akaangalia dari. Mama Odette akasema basi tumpeleke maternite, kule wodi ya wazazi, wampe kitanda karibu na dirisha. Papa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na sote tukamfuata, na daktari naye akavua miwani akajifuta. Nesi akafungua mlango kuona kuna nini.

Tulirudi Likasi tukipitia Kapolowe. Mama Odette akashuka pale barabarani kununua samaki, akagombana na wauzaji kuhusu bei huku analia kwa furaha. Wauzaji walichanganyikiwa, wakampunguzia.

Vidonge vilimletea kichefuchefu mwanzoni, akawa anavimeza pamoja na chakula. Maumivu ya kichwa yalikwenda kwanza. Tuliogopa kuuliza habari za macho. Hatukuuliza. Tulimwekea vitu katikati ya meza kama tulivyozoea.

Hata jioni moja tunakula uani, Papa anavunja tonge la bukari, uso kwenye sahani, akasema kwa utulivu: "Ile kuku inaingia mu jikoni."

Kuku alikuwa kushoto, karibu na ukuta. Hakuna aliyemfukuza. Tulimtazama yule kuku kama malaika. Aliingia jikoni akafanya alichotaka.

Pentekoste ikafika. Nilikaa benchi la pembeni ili nimwone Papa usoni. Misa ikaimbwa, Lufira ikajaa, maalto na matena wakaimba mpaka mwisho wa sehemu yao, na mabesi wakashuka chini kabisa.

Kisha kimya. Kile kimya kilichookolewa na kikapu cha samaki.

Masoprano wakainua karatasi. Mama Odette karatasi yake ilikuwa chini ya kidevu, macho kwa Papa. Papa alitazama mbele. Hakugeuza shingo. Kanisa zima lilikuwa limeacha kupumua, maana mji wetu ni mdogo na kila mtu alikuwa anajua.

Kidole hakikutikisika.

Nikahisi benchi linatoka chini yangu.

Papa, uso mbele bado, akainua nyusi moja. Na nikaona: mwisho kabisa wa safu ya masoprano, yule wa pembeni kuliko wote alikuwa amesahau, karatasi yake iko kiunoni. Akashtuka, akaiinua.

Ndipo kidole kidogo kikatikisika.

Wakuu, sina maneno ya sauti ile. Nimejaribu kuiandika katika riwaya, inakataa. Yalidondoka maji, ndivyo tu.

Baada ya misa, nje, watu wanakumbatiana, Mama Odette alikuja mbele ya Papa, mikono kiunoni, uso umelowa.

"Maestro," akasema, "tulizoea ile wakati haukuwa unatuona. Sasa unaona mingi kupita."

Tumesharudi Lubumbashi kwa skana ya pili. Tunda la masuku limesinyaa, limekaa ndani ya tandiko lake kwa adabu, na vidonge vinaendelea. Nyota ya jichoni iko pale pale.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Mtu akianza kugonga milango, akamwaga vitu vilivyo pembeni, akaonekana kama anawapuuza watu, msikimbilie kusema ana kiburi au amezeeka. Mkalisheni, mtikise vidole pembeni mwa uso wake, na kama hataviona mpelekeni kwa daktari. Na nyinyi mliotoka familia za viwandani na migodini, mkiulizwa habari ya chuma mwilini, semeni hata kile mnachokiita vumbi.

Waliopitia skana ya kichwa au ugonjwa wa tezi hii, nawaomba mseme chini hapa mlivyogundua na mnavyoendelea. Papa anataka hasa kujua kama mashine za kwenu nazo zinaimba la, au ni ile ya Lubumbashi peke yake.

Nilidhani nimeandika haya kwa siri. Papa amekaa kushoto kwa meza, mimi niko pembeni mwake, naye ameinamia nota zake, penseli mkononi. Hajageuza shingo. Amesema tu:

"Unaandika na unacheka. Unaandika juu yangu."